Gitaa la Japani au la Marekani: Nunua Kile Usichoweza Kubadilisha

Mpigaji mwenye fedha za gitaa moja la umeme, si mawili, huwa na swali moja: achukue lililotengenezwa Japani au lililotengenezwa Marekani? Ni swali la haki. Gitaa zuri kutoka nchi yoyote kati ya hizo linaweza kumla mtu mshahara wa miezi kadhaa, na atakayechagua vibaya ataishi na uchaguzi huo kila siku ya mazoezi.

Jibu langu nalitanguliza, ili asiye na muda aondoke nalo. Kwa fedha ileile, gitaa la Japani kwa kawaida litakupa shingo na maungio yaliyofanyiwa kazi kwa uangalifu zaidi. La Marekani litakupa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) na swichi bora zaidi, pamoja na jina litakalokurudishia sehemu kubwa ya fedha siku ukiuza. Sasa, pikapu na swichi fundi anazibadilisha mchana mmoja. Shingo iliyopinda kama bawa ni habari nyingine, na kwa magitaa ambayo shingo imegundishwa kwenye mwili, kama Les Paul, kuitoa na kuweka nyingine ni kazi ya gharama inayokaribia bei ya gitaa jipya. Mwenye fedha za kubana, basi, anunue kile asichoweza kubadilisha, na hapo mara nyingi Japani inashinda.

Jibu hilo lina masharti. Jina la nchi peke yake halitoshi. Unahitaji kujua mwaka na kiwanda, kwa sababu sifa ya Japani na lawama ya Marekani vyote vilizaliwa katika kipindi maalumu, na wauzaji wengi huzungumza kana kwamba kipindi kile hakijaisha.

Kilianza hivi. Mwaka 1965 Leo Fender, aliyeleta Telecaster na Stratocaster kutoka Fullerton, California, aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Shirika lile lilitaka idadi, na idadi lilipata. Kufikia miaka ya 1970 gharama yake ilionekana kwenye mbao. Mwaka 1971 shingo ya Stratocaster, iliyokuwa ikifungwa kwa skrubu 4, ikaanza kufungwa kwa 3. Wazo lenyewe halikuwa baya, maana mfumo huo ulikuja na kifaa cha kurekebisha mwinamo wa shingo bila kuifungua. Kasoro ilikuwa kwenye ukataji: mfuko unaopokea shingo ulichongwa mpana kupita kiasi, hivyo ukiisukuma shingo kwa kiganja inahama, na uzi mwembamba kuliko wote unasogea hadi ukingoni mwa freti na kuteleza nje. Miili nayo ilizidi kuwa mizito kadiri miaka ilivyokwenda. Fender walirudi kwenye skrubu 4 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilipitia njia inayofanana. Mwaka 1969 iliangukia mikononi mwa kampuni iliyokuja kuitwa Norlin. Mwili wa Les Paul, ambao uzuri wake ulikuwa bonge la mahogani lenye kifuniko cha mepuli (mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada), ukaanza kutengenezwa kwa mahogani iliyogundishwa tabaka kwa tabaka. Shingo zikaunganishwa kwa vipande vitatu. Kiwanda kipya kikafunguliwa Nashville mwaka 1975, na kile cha Kalamazoo kikafungwa 1984. Baadhi ya mafundi waliokataa kuhama walibaki kwenye jengo lilelile na kuanzisha kampuni ya Heritage mwaka uliofuata. Nawaheshimu sana watu wale. Ni ushahidi kwamba ujuzi haukupotea Marekani. Uliwekwa chini ya mameneja waliokuwa wakihesabu vitu vingine.

Wakati huohuo, katika mji wa milimani wa Matsumoto, mkoani Nagano, mafundi wa mbao walikuwa wakijifunza haraka. Huko ndiko kulikokuwa na FujiGen, iliyoanza 1960, na Matsumoku, kiwanda kilichojulikana kwanza kwa makabati ya cherehani za Singer. Mjini Hamamatsu kulikuwa na Yamaha na Tokai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magitaa yao mengi yalikuwa nakala za sura tu: ungeona umbo la Les Paul, ukiligeuza unakuta shingo imefungwa kwa skrubu badala ya kugundishwa. Kufikia mwisho wa muongo mambo yalikuwa yamegeuka. Tokai, na chapa nyingine ya Kijapani iitwayo Greco, walikuwa wakitoa nakala zilizofuata Gibson za miaka ya 1950 kwa ukaribu kuliko Gibson wenyewe walivyokuwa wakifanya. Na Yamaha hawakuhitaji kunakili. SG2000 yao ya 1976, aliyoipiga Carlos Santana, ina shingo inayopita mwili mzima hadi mwisho wa gitaa na bamba la shaba nyeupe chini ya daraja la nyuzi. Ukiishika leo bado unahisi kazi iliyofanywa bila haraka.

Mwaka 1977 Norlin walimshtaki msambazaji wa Ibanez, chapa ya Kijapani, nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya mfuko wako. Hadi leo muuzaji akiwa na gitaa lolote la Kijapani la miaka ya 1970 atakuambia ni gitaa la ile kesi, kisha apandishe bei. Kesi ile ilihusu msambazaji mmoja na vichwa vya magitaa. Haikusema neno kuhusu ubora, haikumgusa Tokai, na Ibanez walikuwa tayari wamebadilisha umbo la kichwa walipofikishwa mahakamani. Ukisikia hadithi hiyo, lipe gitaa bei ya jinsi lilivyo mkononi mwako.

Fender, wao, walichagua kuungana na Wajapani. CBS walipotaka kuiokoa kampuni mwaka 1981, waliwachukua Bill Schultz na Dan Smith kutoka tawi la Yamaha la Marekani. Mwaka 1982 wakaanzisha Fender Japan kwa ubia na kampuni mbili za Kijapani, Kanda Shokai na Yamano Gakki, na kazi ya kutengeneza wakapewa FujiGen. Magitaa ya mwanzo, yenye namba inayoanza na herufi JV, yanatafutwa hadi leo, na sifa yao ni ya kweli. Mwaka 1985 Schultz na wenzake waliinunua Fender kutoka CBS kwa dola milioni 12.5, bila kiwanda cha Fullerton. Hadi kiwanda kipya cha Corona, California, kilipokaa sawa, Japani ndiyo iliyobeba jina la Fender mgongoni.

Kwa hiyo anayesema kwamba la Japani ni bora kuliko la Marekani anasema kweli akiwa na maana ya kuanzia takriban 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980. Baada ya hapo hesabu inabadilika, na sababu kubwa ni fedha. Septemba 1985 mataifa matano tajiri yalikubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kuishusha thamani ya dola. Dola moja, iliyokuwa ikinunua karibu yeni 240, ilikuwa ikinunua karibu yeni 120 kufikia mwisho wa 1987. Gitaa la bei ya chini halikuweza tena kutengenezwa Japani na kuuzwa Marekani kwa faida. Likahamia Korea, baadaye Indonesia na China. Fender walifungua kiwanda Ensenada, Meksiko, mwaka 1987. Kilichobaki Japani ni kazi ya daraja la kati na la juu, kama Ibanez za kundi la Prestige na Fender za soko la Kijapani. Hivyo usione jina Ibanez au Yamaha ukadhani umeona Japani. Geuza kichwa, soma kisigino cha shingo. Kwenye Fender utakuta mengine yanasema yametengenezwa Japani na mengine, hasa ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, yanasema yameundwa kwa ufundi Japani. Yote ni ya Japani. 

Marekani nayo haikulala. Corona ya leo inatoa shingo zilizokaa vizuri mfukoni. PRS, kampuni iliyoanza Annapolis, Maryland, mwaka 1985, ina usawa wa kazi ambao kiwanda chochote cha Japani kingejivunia, na Music Man wa California vilevile. Gibson wanasawazisha freti kwa mashine ya Plek kutoka Berlin, inayopima kila freti kwa kompyuta kabla ya kuisaga. Hata hivyo, katika magitaa ya Gibson ya bei ya kati bado nakuta tofauti kubwa mno kati ya moja na jingine, hasa umaliziaji wa kingo na vijia vya nyuzi pale kichwani. Gibson usiinunue bila kuishika, na ukiwa dukani, shika mbili au tatu za aina moja kabla ya kulipa.

Sasa jinsi ya kukagua. Hapa ndipo napenda msomaji atulie.

Anza na shingo, gitaa likiwa limetyuniwa. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine. Uzi ulionyooka hivyo umekuwa rula yako. Tazama karibu na freti ya 7 au ya 8: panatakiwa pawe na upenyo mdogo kati ya uzi na freti, wa kupitisha karatasi nene kama ya kadi ya mwaliko. Ukikosa upenyo kabisa, shingo imeinama nyuma. Ukipitisha sarafu, imeinama mbele. Yote mawili hutibika kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani ya shingo, ikiwa bado kina nafasi ya kuzunguka. Muombe fundi akizungushe robo mzunguko ukiwa hapo hapo. Kilichogota ni sababu ya kuondoka. Rudia kipimo hicho kwenye uzi mwembamba. Upenyo wa upande mmoja ukitofautiana mno na wa pili, shingo imejisokota, na hilo hakuna chuma kitakachoondoa.

Kisha pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo kutoka kichwani hadi mwilini. Ncha za freti zinazokwaruza zinasema mbao zilikauka na kusinyaa baada ya freti kuwekwa. Magitaa ya Matsumoto ya miaka ya 1980 hushangaza kwa jinsi kingo zake zilivyo laini hata baada ya miaka 40. Hapo ndipo utaona tofauti ya mbao iliyosubiriwa ikauke na mbao iliyoharakishwa.

Piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, hadi ya mwisho. Wengi hupima freti za chini tu, wakasahau kwamba gitaa la solo katika muziki wetu wa dansi, na katika sebene la Kikongo hasa, linaishi juu, freti ya 12 na kuendelea. Huko ndiko magitaa mengi, ya nchi zote mbili, huficha ugonjwa: mwisho wa shingo unainuka kidogo na sauti inazibwa au inazizima. Uzi ukitoa sauti ya freti inayofuata badala ya uliyobana, panahitaji kusagwa.

Mwisho wa mbao ni maungio. Kwa shingo ya skrubu, jaribu kuingiza kona ya karatasi kati ya shingo na mfuko wake. Kwenye Fender ya Japani mara nyingi haiingii. Kwenye Fender ya Marekani ya katikati ya miaka ya 1970 unaweza kuingiza kitu kinene zaidi. Kwa Gibson na nakala zake, washa tochi ya simu uangaze nyuma ya shingo, pale inapoanza kuwa kichwa. Kichwa cha Gibson huinama nyuma kwa nyuzi 17 za pembe, mbao pale imechimbwa kupitisha chuma cha ndani, na gitaa likianguka chali ndipo linapovunjika. Pitisha ukucha. Mstari mwembamba unaonaswa na ukucha ni ufa uliogundishwa. Ufa uliotengenezwa vizuri hauzuii gitaa kupigwa, lakini bei inapaswa kushuka sana. Nakala za Kijapani zenye kichwa cha mwinamo zina udhaifu uleule, maana umbo ni lilelile. Kichwa cha Fender, kwa kuwa kimekatwa bapa, hakina shida hiyo.

Sasa udhaifu wa Japani. Fungua kifuniko cha nyuma au bamba la mbele la gitaa la miaka ya 1980 na 1990 lililouzwa kwa bei ya kawaida huko. Mara nyingi utakuta swichi ndogo ya plastiki iliyofungwa kama kisanduku, vidhibiti vya sauti vyembamba, nyaya za kawaida tu. Vinakwaruza, vinakatakata sauti, na pikapu zake zinaweza kuwa kali bila mwili. La Marekani la bei yake lingekuwa na swichi wazi ya chuma na vidhibiti vikubwa vinavyozunguka kwa uzito wa kupendeza. Tenga fedha za kubadilisha vitu hivi tangu siku ya kwanza, uziingize kwenye bei ya gitaa.

Ila kabla ya kuagiza vipuri, pima. Marekani hutumia inchi na Japani milimita. Shina la kidhibiti cha Kimarekani halitaingia kwenye tundu la Kijapani bila kulipanua, na vifuniko vya kuzungushia vya upande mmoja havikai vizuri kwenye meno ya upande wa pili. Hata ufunguo wa kurekebishia nyuzi kwenye daraja hutofautiana: Fender nyingi za Marekani hutaka wa inchi 0.05, yaani milimita 1.27, na za Japani mara nyingi wa milimita 1.5. Ukilazimisha, utaila skrubu hadi iwe duara. Daraja nalo lipimwe umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita kabla hujanunua jingine.

Kuhusu rangi na vanishi nina neno kwa wanaopiga pwani. Gibson za Marekani hupakwa nitroselulosi, vanishi nyembamba inayozeeka kwa uzuri lakini haipendi joto, jasho wala mpira. Ukiliacha gitaa hilo kwenye stendi yenye raba, baada ya muda utakuta alama, au vanishi imenata. Ifunge stendi kitambaa cha pamba pale gitaa linapogusa. Magitaa mengi ya Japani yana poliesta au poliyurethani, ganda gumu ambalo wapenda mambo ya kale hulisema vibaya kwamba linaziba sauti. Mimi simwambii mpigaji wa harusi za Tanga au Mombasa aache ganda linalolinda mbao zake dhidi ya unyevu na jasho. Aina ya mbao usiifanye dini. Fender za Japani zilitumia baswudi na seni, mbao zilizopatikana huko, pale Wamarekani walipotumia alda na eshi, na zipo za kila aina zinazoimba vizuri. Ubao wa vidole wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu, usipakwe mafuta ya kupikia. Tone la mafuta ya limau yanayouzwa kwa ajili ya mbao mara chache kwa mwaka linatosha.

Anayeagiza gitaa pamoja na amplifaya kutoka Japani akumbuke umeme. Gitaa la kawaida halijali, lakini amplifaya ya soko la Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni volti 120. Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Nunua transfoma ya kushusha umeme, au nunua amplifaya hapa.

Namba za kichwani zisikupe imani kupita kiasi. Kwa Gibson nyingi zilizotengenezwa tangu 1977, tarakimu ya kwanza na ya tano kwa pamoja hutaja mwaka, na anayeghushi analijua hilo vizuri. Tazama kifuniko kidogo cha kichwani kinachoficha chuma cha shingo: kwenye Gibson halisi hufungwa kwa skrubu 2, na chenye 3 kimewanasa waghushi wengi.

Ningekuwa na fedha za kiasi, ningetafuta Fender ya Japani ya miaka ya 1980 au 1990, au Yamaha SG ya wakati ule, nikabadilisha umeme wake wote taratibu. Mwenye fedha zaidi anayetaka kuuza baadaye bila hasara achukue Fender ya Corona au PRS ya Maryland. Anayetaka Les Paul na hana fedha za Gibson nzuri, Tokai ya Japani haitamwangusha. Gibson ya Norlin, kwa bei zinazotajwa siku hizi kwa sababu tu imezeeka, simshauri mtu.

Na ukinunua kwa mbali, omba picha 5 kabla ya kutuma hata senti: nyuma ya kichwa pale kinapoungana na shingo, kisigino cha shingo na maandishi yake, mfuko wa shingo kutoka pembeni, nyaya zilizo chini ya kifuniko, na shingo nzima ikitazamwa kwa urefu kutoka kwenye daraja. Muuzaji anayetuma 4 za kwanza na kukwepa ya 5 anajua shingo yake ilivyo. Mwachie gitaa lake.